Yule Siyo Mdogo Wake

Ukitaka kumuudhi Eliaichi, mwambie kahawa ni tamu. Atakuuliza, tamu kama nini? Kama limau? Kama sukari guru? Kama ganda la mti? Wewe utabaki umeshika kikombe, umeduwaa, unajuta kufungua mdomo.

Alikuwa muonjaji mkuu kwenye kiwanda kimoja cha kahawa hapa Moshi, upande wa reli, mojawapo ya vile vilivyoota baada ya serikali kuruhusu watu binafsi wanunue kahawa. Mwaka huo ninaousema, 2009, alikuwa na miaka arobaini na saba. Mtu wa Machame, Mlutheri wa benchi la mbele, mrefu, mwembamba, anatembea kama amechelewa hata akiwa amewahi. Hajaolewa. Wadogo zake wanne aliwasomesha yeye, wakahamia Dar es Salaam, na kila Krismasi walikuwa wanapanda mlimani na magari yao kuja kumuuliza kwa nini hajaolewa.

Mimi nilikuwa naosha vikombe. Usicheke. Kikombe kikibaki na harufu ya sabuni, kahawa ya mkulima wa watu inaandikwa kuwa inanuka sabuni. Kwa hiyo mkoa mzima ulikuwa mikononi mwangu, mimi na darasa langu la saba, na hakuna aliyewahi kunishukuru.

Kazi yenyewe ya kuonja, kwa asiyeijua, inachekesha. Vikombe vinapangwa mezani, kila kimoja namba yake chini, usijue ni kahawa ya nani. Maji ya moto yanamwagwa juu ya unga wa kahawa, mnasubiri. Halafu kila mmoja anazunguka na kijiko chake, anavuta kahawa mdomoni kwa kelele, fyuuup, anaizungusha, anaitema kwenye ndoo. Watu wazima hao, wana vitambulisho shingoni. Hakuna kusema neno mpaka kila mtu ameandika alama zake, ili mmoja asimpotoshe mwingine. Na hakuna kumeza. Hapo ndipo Eliaichi alikuwa mkali kama nyuki.

"Ukimeza umeshakuwa mnywaji," alikuwa anawaambia wageni. "Na mnywaji hawezi kutoa alama."

Miaka ishirini na mbili kwenye kahawa, na nyumbani alikuwa anakunywa chai ya maziwa.

Tulikuwa na mtindo wetu mmoja pale chumbani. Mtu akiondoka kazini, siku ya mwisho analeta kahawa ya kwao, kutoka kihamba cha nyumbani, shamba la ukoo la migomba na kahawa, inawekwa mezani kikombe kimoja bila namba. Wote wanaionja na kuipa alama bila huruma. Mzee Efraimu alipostaafu, kahawa yake ilipata alama za kuaibisha. Aliondoka bila kumaliza soda yake, na mpaka leo tukikutana sokoni ananiuliza ni nani aliyeandika kuwa ina ladha ya "gunia".

Sasa nikupeleke kwa Antoni. Antoni alikuwa msaidizi wa Eliaichi, mtu wa Kibosho, miaka thelathini na nane. Alikaa seminari akabakiza kidogo apadirishwe, akatoka, hakusema kwa nini. Mama yake, Margareta, alikuwa ameshashona kitambaa cha altare kwa ajili ya misa ya kwanza ya mwanawe. Akakitandika kwenye meza ya sebuleni, na kila mgeni akiweka kikombe juu yake, mama anakitazama anavuta pumzi.

Kila asubuhi Antoni alimsubiri Eliaichi getini.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, mdogo wangu."

Ikinyesha, anampeleka na mwavuli mpaka mlangoni, mwavuli wote juu ya dada, yeye bega moja linalowa. Parachichi za kwao zikikomaa, mbili zinakaa kwenye droo ya Eliaichi, zimefungwa gazeti ziive. Akikohoa, kuna tangawizi. Sisi wote tulikuwa tunasema, huyu kijana ana adabu, seminari imemfunza. Na Eliaichi alikuwa anasema kuliko sisi. Basi miaka mitano ikapita hivyo, watu wana macho mawili mawili na hakuna aliyeona kitu.

Kilichotufungua macho ni Wakorea.

Mimi na Eliaichi tulikuwa tumepanga uwanja mmoja, kule Njoro, milango inatazamana. Yeye hakuwa na televisheni. Mimi nilikuwa nayo, na deki. Mwezi wa kumi nikanunua stendi sidii ya sizoni ya Kikorea. Juu ya karatasi yake kulikuwa na mwanamke amekunja mikono, na kijana nyuma yake anatabasamu. Nikamkaribisha Eliaichi Jumapili saa tisa, baada ya ibada na baada ya ndizi.

Shida ilikuwa moja. Maandishi ya chini yalikuwa Kiingereza, na yanapita kama yanakimbizwa na mbwa. Mimi Kiingereza changu kiliishia kwenye majina ya vyombo vya jikoni. Cha Eliaichi kilikuwa kizuri lakini cha kahawa tu: uchachu, uzito, harufu ya maua. Wale Wakorea hawakuzungumza hayo hata mara moja. Basi tukawa tunasoma sura.

La kwanza tuliloligundua ni kwamba watu wa Korea hawafanyi kazi. Ofisi ya vioo, kompyuta kila meza, lakini kila mtu anatembea na kikombe cha karatasi. Wanaingia na kahawa, wanatoka kufuata kahawa, wanagombana juu ya kahawa.

"Wameweka barafu!" Eliaichi akasema, amesogeza kiti.

"Labda kuna joto."

"Mama Rachel, barafu inatia ulimi ganzi. Ataonja nini pale?"

"Dada, haonji. Anakunywa."

"Ndiyo maana hawezi kujua kama ni mbaya."

La pili, mkuu wa ofisi ile alikuwa mwanamke wa arobaini na kitu, nywele fupi, uso wa kukemea. Akiingia, watu wanasimama na waliokuwa wanacheka wanameza kicheko. Nikamwambia Eliaichi, "Haya, umeingia kwenye televisheni." Akasema yeye havai visigino vile. Lakini nilimwona anakaa wima.

Na kulikuwa na kijana wa ofisini. Asubuhi anainama mbele ya yule bosi mpaka nywele zinamfunika macho. Anambebea mafaili. Anampelekea supu akiugua, anaiacha mlangoni anakimbia. Mvua ikinyesha, mwavuli wote juu ya yule mama, yeye bega moja linalowa.

"Ana mdogo mzuri," Eliaichi akasema.

"Wamefiwa na baba," mimi nikaongeza, maana niliona picha ya mzee ukutani.

Hapo tukaipanga hadithi yote, mimi na yeye, bila kuombwa. Dada ndiye amemlea. Amemsomesha, amemtafutia kazi kwake, ndiyo maana kijana ana shukrani. Eliaichi alilia kidogo. Alisema ni yeye na Eliamini wake kabisa, Eliamini ndiye mdogo wake wa mwisho, ila Eliamini hajawahi kumletea supu.

Kipindi cha nne akatokea mama mmoja mnene na mkoba wake. Akamwita yule bosi mgahawani, hakuagiza chakula, akachukua glasi ya maji akammwagia usoni.

"Shangazi yao huyo," Eliaichi akasema. "Ni urithi."

"Wanagombea kihamba," nikakubali.

Kitu kimoja tu hakikukaa sawa. Yule kijana alikuwa anamwangalia dada yake muda mrefu mno. Wakorea wanajua kuangaliana, nakwambia, unakwenda kukoroga uji ukirudi bado wanaangaliana.

"Mbona anamtazama hivyo?" Eliaichi akauliza.

"Anataka ruhusa ya kuoa."

"Si aseme."

Wiki ya kwanza ya Desemba, Rachel wangu akafunga shule, akarudi kutoka bweni. Jumapili akakaa na sisi, kidato cha tatu yule, anasoma maandishi yote hata yanayokimbia. Nikamweleza hadithi ilipofika ili asisumbue kuuliza. Alinitazama, akatazama televisheni, akaanguka kwenye kochi kwa kicheko.

"Mama! Mdogo wake wa wapi? Yule ni mfanyakazi wake. Anampenda!"

"Anampenda nani?"

"Bosi! Tangu kipindi cha kwanza. Na huyo mama wa maji ni mama wa kijana, hataki mwanawe aoe mwanamke mzee."

"Mzee?" Eliaichi akauliza taratibu.

"Ana arobaini na mbili, shangazi."

Televisheni ikaendelea peke yake. Mimi nilikuwa nimeshika sahani ya karanga, sikutafuna hata moja. Halafu Eliaichi akasema, "Rudisha kipindi cha kwanza."

Tukaangalia upya. Mambo yalikuwa yale yale, mafaili, supu, mwavuli, bega. Hakuna kilichobadilika hata kimoja, na hakuna kilichobaki kama kilivyokuwa.

Jumatatu ikanyesha. Nilikuwa dirishani nafuta vikombe. Nikamwona Eliaichi anaingia getini, Antoni pembeni yake, mwavuli wote juu ya dada, shati la Antoni bega la kushoto limelowa linamganda. Nilicheka nikaangusha kikombe. Eliaichi akasikia, akanitazama pale dirishani, akaona ninachokitazama, akageuka. Akaliangalia lile bega kama kikombe kilichowekwa namba siyo yake.

"Asante," akamwambia Antoni. "Kesho nitakuja na mwavuli wangu."

Hapo ndipo alipoanza vituko. Mtu ambaye miaka mitano alikuwa anamwita mdogo wangu, sasa akawa anamwita "Bwana Antoni". Parachichi akazirudisha mezani kwake na gazeti lake. Antoni akiandika alama, Eliaichi anazipitia kwa kalamu nyekundu mbele ya wenzake. Siku moja akamwambia kijiko chake kina kelele. Kelele! Kwenye chumba ambacho kazi ni kuvuta kahawa kwa kelele.

Antoni aliendelea kusema shikamoo, ikawa shikamoo ya mtu anayegonga mlango wa nyumba iliyohamwa. Wiki haikuisha, meneja wetu, Bwana Hosea, akatutangazia: Antoni ameomba uhamisho. Kampuni ina ofisi Mbinga, kule kusini, wanataka muonjaji, barua imeshaandikwa. Ijumaa kabla ya Krismasi ndiyo siku yake ya mwisho, na saa nane mchana atatia saini.

Eliaichi akasema, "Ni nafasi nzuri kwake." Akaenda kunawa mikono ambayo ilikuwa safi.

Nilimfuata kule nyuma kwenye karo langu.

"Dada, Mbinga ni mbali."

"Najua Mbinga ilipo."

"Unajua kwa nini anakwenda?"

"Mama Rachel, osha vikombe."

"Naosha. Mdomo hauoshi, uko huru. Wewe umemfukuza mwenyewe kwa kalamu nyekundu."

Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, yule mrefu, magoti yakamfika kifuani. Kwa mara ya kwanza nikamwona hajui aweke wapi mikono.

"Nina miaka tisa zaidi yake," akasema. "Mimi bosi wake. Ananiamkia shikamoo. Nikimkubali watu watasema nimemlea nikamla. Na ni Mkatoliki wa Kibosho. Babu zake na babu zangu walikuwa wanaibiana ng'ombe."

"Ng'ombe wenyewe walishakufa."

"Na mama yake? Alimtaka padri. Nimpelekee mkwe wa umri wangu?"

"Atakumwagia maji. Utakauka."

Akacheka kidogo, kicheko kikakatika. "Tatizo siyo hao," akasema. "Wale wa televisheni wana maneno. Mimi sijui kusema maneno hayo. Tangu nizaliwe sijayasema. Ningeanzaje? Nimwite ofisini?"

"Kwani yeye alisema? Alilowa tu."

Akainuka, akakunguta sketi, akaniambia kikombe cha tatu kina alama ya lipstiki. Hakikuwa nayo.

Ijumaa ikafika. Antoni alikuja na shati jeupe na mfuko mdogo wa kahawa, mama yake ameufunga kwa kamba ya mgomba. Nikaikaanga mimi mwenyewe, nikaisaga. Mezani tukaweka vikombe tisa vya kazi na kimoja bila namba. Waonjaji wengine wawili wakasimama, Bwana Hosea naye akaja na kijiko chake cha sherehe. Barua ya Mbinga ilikuwa kwenye meza ya pembeni, na kalamu juu yake.

Wakaanza kuzunguka. Fyuuup, tema. Fyuuup, tema. Mimi nilikaa na ndoo yangu, na nakwambia, mtu aliyemwaga ndoo ile miaka kumi na moja anajua kila mtema kwa mlio. Bwana Hosea anatema kama bomba lenye hewa. Antoni anatema kwa adabu, kama anayeomba radhi. Eliaichi anatema mara moja, fupi, amemaliza.

Akafika kwenye kikombe kisicho na namba. Akainama, akanusa. Akavuta na kijiko, fyuuup. Nikasubiri mlio wake.

Haukuja.

Nikainua kichwa. Koo lake lilipanda likashuka. Akaweka kijiko mezani. Akakishika kile kikombe kwa mikono yote miwili, kama mtu aliye nyumbani kwake asubuhi ya baridi, akanywa. Hakuharakisha. Alikunywa mpaka akafika kwenye machicha, na kimya cha chumba kile kilikuwa cha sheria, maana hakuna kusema mpaka alama ziandikwe. Yeye karatasi yake hakuigusa.

Aliyevunja sheria ni Bwana Hosea. "Mama Eliaichi," akanong'ona, "umemeza."

"Nimemeza."

"Sasa alama?"

"Sina alama," akasema. "Ukimeza huwezi kutoa alama."

Alimjibu Hosea lakini alikuwa anamtazama Antoni, na sasa naomba nikiri kuwa Wachaga pia wanaweza kuangaliana. Ningekwenda kukoroga uji nikarudi. Antoni alikuwa amesimama na kijiko hewani, kahawa inamdondokea kwenye shati jeupe, hajui.

Halafu akatembea mpaka meza ya pembeni. Akaichukua kalamu, akamkabidhi Bwana Hosea.

"Samahani, meneja. Mbinga watafute mwingine."

"Kwa nini? Mbona mimi sielewi?" Hosea akauliza.

Nikamwambia nitamwazima sidii.

Jumatatu kulikuwa na manyunyu. Antoni alikuwa getini. Hakusema shikamoo. Alisema, "Umeamkaje, Eliaichi?" Mlinzi akageuka kutazama kama mlima bado uko mahali pake. Eliaichi akamjibu ameamka salama, akaukunja mwavuli wake mwenyewe, akaingia chini ya wa Antoni. Walikuwa wote wawili nusu nusu, kila mmoja bega lake limelowa.

Siku ya pili ya Krismasi, Wachaga wote wamerudi mlimani, magari yamejaa mpaka kwenye migomba, wakanichukua niwasindikize Kibosho kwa Mama Margareta. Njiani nilimwambia Eliaichi avae koti la mvua, hata kama kuna jua. Hakucheka. Mikono ilikuwa baridi kama karo langu.

Tukakaribishwa sebuleni. Mbele yetu kile kitambaa cheupe cha altare, na juu yake, mama akatuwekea glasi za maji. Eliaichi aliitazama yake muda mrefu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Margareta akakaa, akamkagua kuanzia viatu mpaka nywele. Antoni alikuwa amesimama mlangoni. "Ndiye wewe uliyekunywa kahawa yangu?"

"Ndiyo, mama."

"Yote?"

"Yote."

"Wanasema wewe huwa hukosei. Ilikuwaje?"

Nikamkanyaga Eliaichi mguu chini ya meza. Mwambie ilikuwa tamu, mwanamke, kwa mara moja katika maisha yako! Lakini huyo ndiye Eliaichi.

"Ilikuwa imechacha, mama," akasema kwa heshima zote. "Mliivundika kwenye ndoo siku moja zaidi kabla ya kuiosha."

Antoni akafumba macho. Mama Margareta akanyoosha mkono kwenye glasi ya maji, nami nikasogea pembeni maana nilikuwa na gauni jipya. Akaiinua. Akanywa yeye mwenyewe, akaiweka.

"Ilikuwa siku ya kipaimara cha mjukuu," akasema. "Niliisahau ndoo. Sikumwambia mtu." Akamgeukia mwanawe pale mlangoni. "Unasikia, Antoni? Alijua imechacha, na akaimaliza."

Kisha akaondoa zile glasi mezani, akakikunja kile kitambaa mara nne, akakishika kifuani kidogo, halafu akamwambia Eliaichi aje jikoni amsaidie kupakua ndizi.